Ukurasa wa Kumi na Tisa

Mke wangu Insaf ana duka la fotokopi linalotazamana na lango la nyuma la kitivo cha uhandisi, hapa Mansura, Misri. Mimi ni mkaguzi wa tikiti za treni niliyestaafu, kwa hiyo kazi yangu siku hizi ni kukaa kitini karibu na mlango na kuambiwa nisogeze miguu. Wanafunzi humwita Hajjati, ingawa Makka hajafika. Mwanzoni alikuwa akiwakatalia, kisha akaona ni kupoteza muda, foleni inasubiri.

Si mtu wa maneno mengi, lakini macho yake hayapitwi na kitu. Mwanafunzi akimpa daftari atoe kopi, Insaf anajua kabla ya mashine kuwaka kama mwenye daftari amesoma au amechora maua pembeni. Anatazama ukingo wa karatasi. Karatasi iliyosomwa ina weusi wa vidole, ina chai, ina mafuta ya bajia zetu za taamiya. Karatasi nyeupe ni karatasi isiyofunguliwa, hata mwenyewe akiapa kwa msahafu.

Hesabu, lakini, alikuwa hataki hata kuzisikia. Aliingia kitivo hichohicho akiwa msichana wa kijijini mwenye alama za juu kuliko wote wilayani kwao, akaanguka somo la hesabu za kalkulasi. Akarudia mwaka, akaanguka tena. Baba yake akasema basi, rudi nyumbani. Mimi nilimwoa mwaka uliofuata, na ingawa anguko lile lilinifaa sana, sijawahi kulifurahia mbele yake. Kwa miaka thelathini na tatu alikuwa akisema neno moja kila akishindwa na jambo dogo, iwe rimoti ya televisheni au fomu ya benki: "Mimi kichwa changu kibovu, wewe si unajua." Alilisema akicheka. Mimi sikuwahi kucheka.

Mwaka juzi, mwanzoni mwa kiangazi, akaja Wagdi. Ni mhadhiri msaidizi, kijana mrefu mwembamba anayetembea kama aliyechelewa treni, na watu hapa humwita Daktari ingawa shahada yenyewe bado anaitafuta. Alikuwa ameandika kijitabu cha kujisomea kalkulasi nyumbani, bila mwalimu, bila masomo ya kulipia. Insaf alikuwa amekichapa na kukiuza dukani mwaka mzima. Sasa Wagdi alitaka nakala mia nne, wapewe bure wote walioanguka kabla ya mtihani wa marudio wa Septemba. Mkuu wa idara, mwanamama Dokta Mufida, alikuwa amemwambia: nithibitishie kwamba kinasaidia, nami nitatia sahihi.

"Ushahidi ninao, Hajjati," akasema Wagdi, akamwekea karatasi mezani. "Walionunua na kuniletea matokeo yao ni thelathini. Ishirini na sita wamefaulu."

Insaf aliitazama ile karatasi, akamrudishia. "Hawa nawajua mmojammoja, mwanangu. Huyu wa kwanza alinunua kijitabu chako, akanunua na vingine vitatu, na jioni alikuwa na masomo ya kulipia. Huyu hapa baba yake ni profesa. Hawa wangefaulu hata ungewauzia kitabu cha mapishi."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Wagdi akanigeukia. "Na wewe mzee, unacheka nini?"

"Nacheka mapishi," nikasema.

Insaf hakuwa amemaliza. Akainama chini ya meza akatoa boksi. Mwaka ukiisha, wanafunzi humuuzia vitabu vyao vilivyotumika, naye huwauzia wanaokuja. Humo mlikuwa na vile vijitabu kumi na saba, vya wale ambao hawakuwa na profesa nyumbani wala hawakuwamo katika karatasi ya Wagdi. Akavipanga mezani akavigeuza kwa upande. "Tazama ukingo. Weusi unaanzia mwanzo, unakwenda, unakwenda, ukurasa wa kumi na nane. Kuanzia wa kumi na tisa, weupe. Vyote kumi na saba. Wamefika hapo wakafunga."

Wagdi akafungua ukurasa wa kumi na tisa, akausoma, akaugeuza, akausoma tena. "Hauna kosa hata moja," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayeomba. "Huu ndio rahisi kuliko yote. Nimeugawa hatua nne, kila hatua na sanduku lake, na maelezo ya Kiarabu chini yake. Mtoto mdogo angeelewa."

"Basi hao kumi na saba ni wadogo kuliko mtoto mdogo."

"Nipe basi mwanafunzi dhaifu akae mbele yangu nimwone anavyosoma. Wote wameshakwenda likizo makwao."

Hapo ndipo mke wangu alipojifuta wino mikononi, polepole, akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Dhaifu unaye hapa. Nimeanguka mara mbili, na cheti cha kuanguka ninacho. Niachie wiki tatu."

Nikamwambia aache utani. Akaniambia nisogeze miguu.

Alisoma kila siku baada ya sala ya alasiri, duka likiwa limepoa, miwani puani, penseli sikioni. Mimi nilichemsha chai na kuwafukuza waliokuja kuulizia bei. Kurasa kumi na nane alizimaliza kwa siku tisa, na siku ya tisa alikuwa akiimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu Hazim wetu aanze kutembea. Siku ya kumi aliacha kuimba. Ya kumi na moja aliniambia chai yangu haina ladha. Ya kumi na mbili niliingia nikamkuta amekifunga kijitabu na kuweka kiganja juu yake.

"Ni kilekile, Baba Hazim," akasema. "Kilekile cha wakati ule. Nafika mahali, wenzangu wanaona kitu mimi sikioni. Nilikuambia kichwa changu kibovu."

Moyo uliniuma. Nilitoka bila kofia nikamfuata Wagdi kitivoni, na huko njiani nilikuwa nimeshamwandalia vidonge vyake vyote. Nikampa. Kwamba mke wangu alikuwa mzima, akicheka, yeye na vimasanduku vyake amekuja kumtonesha kidonda. Kijana wa watu alichukua mkoba tukarudi pamoja.

Alivuta kiti akaketi mbele ya Insaf. "Hajjati, sitakueleza chochote. Nisomee tu huo ukurasa kwa kidole. Kila unachokitazama, kiguse."

Insaf akasoma maelezo ya juu, ya Kiarabu, kidole kikitoka kulia kwenda kushoto kama kawaida. Akafika kwenye yale masanduku manne yaliyopangwa mstari mmoja. Kidole kikatua kwenye sanduku la kulia kabisa.

"Hapa jibu," akasema. "Kisha linakuja hili la pili, linazidi kurefuka. La tatu refu zaidi. La nne ndiyo swali. Sasa mimi hapo ndipo ninapokwama, Daktari. Hilo jibu la kwanza mtu analipata wapi? Nilikuwa nadhani wenye akili wanazaliwa nalo."

Wagdi alishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nilidhani anaumwa.

"Ni kutoka kushoto," akasema. "Mama yangu, yanasomwa kutoka kushoto. Swali ni hili la kushoto."

Ikatuchukua muda kumwelewa. Wagdi amesoma shule za ada tangu chekechea, huko ambako hesabu hufundishwa kwa Kiingereza na kila kitu kinaanzia kushoto. Haikumpitia akilini kwamba kuna njia nyingine, hata mishale hakuweka. Lakini Insaf, na wale kumi na saba, wametoka shule za serikali za vijijini, ambako hata hesabu zenyewe zinaandikwa kutoka kulia, kwa herufi zetu za Kiarabu. Chuoni walizoea kusoma mstari mmoja wa hesabu kutoka kushoto. Ila ukiwapangia masanduku yenye maneno ya Kiarabu chini yake, jicho linakwenda kulikozoea. Wenye mwalimu wa kulipia walioneshwa kwa kidole siku ya kwanza, wakasahau hata kwamba walioneshwa.

Nilifikiri Insaf atamtolea uvivu yule kijana. Badala yake akauliza, "Na ubaoni? Kwenye mihadhara, wahadhiri walikuwa wanaanza safu ya upande gani?"

"Kushoto, Hajjati."

"Mimi nilinakili nikianzia safu ya kulia," akasema. "Miaka miwili. Madaftari yote." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka miwani ikaanguka, na Wagdi akacheka, na mimi nikacheka bila kujua kama tunaruhusiwa.

Jioni ileile walikata ule ukurasa kwa mkasi. Masanduku yakasimamishwa moja chini ya jingine, na mistari mingine kumi na moja ya namna hiyo huko mbele ikafanyiwa vivyo hivyo. Insaf alimaliza kijitabu kwa siku kumi. Alikuwa akinisimulia kalkulasi mezani, akichora kwa ncha ya kijiko kwenye sahani ya maharage ya ful, jinsi kasi ya treni inavyopatikana kwa dakika ileile moja. Nilimwambia nimekaa kwenye treni miaka arobaini, kasi naijua. Akasema naijua kwa makalio.

Wagdi alitaka kwenda kwa Dokta Mufida papo hapo. Insaf akamzuia. "Atakuambia bibi mmoja amesoma mara mbili akaelewa, ajabu iko wapi? Watafute walioanguka kama mimi, wasio na mtu wa kuwafundisha. Wape kitabu, usiwape neno jingine. Kisha mtihani, asahihishe yeye mwenyewe, bila majina."

Wakapatikana tisa. Mwishoni mwa Agosti walikaa ukumbini kufanya karatasi ya zamani ya idara, na mtu wa kumi, nyuma kabisa, alikuwa mke wangu katika gauni alilovaa harusi ya Hazim. Kila mmoja aliandika namba tu, kama ilivyo desturi ya kitivo. Mimi nilisubiri langoni na chupa ya chai. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku treni ilipokatikiwa breki mjini Zagazig.

Siku ya tatu Wagdi alikuja dukani mbio, karatasi mkononi. Alama hamsini, kufaulu ishirini na tano. Kati ya wale tisa, saba wamefaulu. Mmoja amepata ishirini na mbili. Mwingine aliondoka katikati ya mtihani, siku ile ilikuwa ya posa yake. Dokta Mufida ametia sahihi nakala mia nne.

"Na namba kumi?" nikauliza, kwa sababu Insaf alijitia hamnazo, anapanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Arobaini na moja," akasema Wagdi. "Wa kwanza. Dokta Mufida ameuliza huyu mwanafunzi ni nani, mbona hajamwona darasani."

Insaf alizima mashine. Foleni ilikuwepo, naye akazima. Akaketi kwenye kiti changu, machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

"Sikuwa mjinga, Baba Hazim."

"Nilikuambia," nikasema. "Miaka thelathini na tatu nakuambia."

"Wewe ulikuwa unanipenda," akasema. "Huyu mama hanijui."