Mgonjwa wa Uongo Niliyempeleka Kagunga

Niliondoka nyumbani kwangu Buzebazeba kwa sababu ya ubishi. Mdogo wangu Tatu alisema kazi ya mteja wa siri ni ya mtu aliyekosa kazi, nami nikamjibu kwamba hana haki ya kuidharau kazi ambayo hakuna anayemjua aliyewahi kuifanya. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka hamsini na miwili, na sketi zangu za shule zinavaliwa mpaka Mwanga. Sikuwa nimekosa kazi. Lakini mwaka ule watu wa Burundi walikuwa wanavuka kwa wingi, mji umejaa magari meupe ya mashirika, na kila jirani alikuwa amepata kibarua chake. Huyu mkalimani, yule mlinzi. Mimi nikaletewa hiki.

Aliyeniletea ni Upendo, binti wa Iringa aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwangu. Shirika lake lilikuwa linapeleka dawa za bei nafuu kwenye maduka ya dawa ya kando ya ziwa, na lilitaka kujua wauzaji wanawahudumiaje watu. Kwa hiyo mteja wa siri anaingia dukani kama mtu yeyote, anasema ana mjukuu wa miaka miwili anayeharisha tangu jana, ananunua anachouziwa, kisha anakwenda pembeni kujaza fomu ya maswali tisa. Muuzaji akimtambua, fomu inachanwa na malipo hakuna. Malipo yenyewe kwa duka moja hayakufika ufundi wa sketi moja.

Nilipewa maduka matatu ya kujaribia, kisha niseme kama nitasaini mkataba wa miezi sita. La mwisho lilikuwa la Kagunga, kule juu karibu na mpaka. Upendo aliniambia duka hilo lilishaanguka mara moja kwenye ukaguzi kama huu, na likianguka tena linaondolewa kwenye orodha na halitapata dawa za shirika. Nilimuuliza Kagunga kuna maduka mangapi ya dawa. Akasema ni hilo tu.

Jumatatu asubuhi, Mwanga. Nilianza na la karibu. Jambo moja lilikuwa limenisumbua usiku kucha: mjukuu wa miaka miwili ninaye kweli, anaitwa Shufaa, mtoto wa binti yangu Asha, na sikuwa tayari kumzulia ugonjwa. Basi nikazua mjukuu wa kiume ambaye hajazaliwa, nikamwita Tumaini. Muuzaji wa Mwanga, kijana nadhifu mwenye koti jeupe, alinipa shikamoo kabla sijafika kaunta, akaniuzia pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki, akanielekeza, akanipa risiti. Maswali tisa, ndiyo tisa. Hakuninyanyulia macho hata mara moja, lakini hilo halikuulizwa kwenye fomu.

Jumatatu mchana, Ujiji. Hapa nilikuwa nimemwonya Upendo. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, babu yangu amezikwa pale, na hata mbuzi wa Ujiji wanajua mimi ni mtoto wa nani. Akasema duka ni jipya na muuzaji mgeni. Muuzaji kweli alikuwa mgeni, ila mama yake mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni, akichambua mchele. Nilipotaja mjukuu wa kiume aliinua kichwa. "Asha amejifungua mtoto wa kiume ana miaka miwili, na sisi hatukuambiwa?" Nilijaribu kusema ni mjukuu wa upande wa pili. Akaniuliza upande wa pili upi. Nilipofika nyumbani jioni, shangazi yangu alikuwa ameshatuma unga wa uji na lawama. Fomu ya Ujiji ikachanwa, malipo yake yakapotea, na Tatu akacheka mpaka akakaa chini.

Kicheko hicho ndicho kilichonipeleka Kagunga. Nauli ya boti nilitoa mwenyewe, kwa makubaliano kwamba nitarudishiwa fomu ikikubaliwa.

Jumatano saa tatu, Kibirizi. Boti ya mbao ilipakiwa mifuko ya unga, katoni za sabuni, magodoro, na sisi juu yake. Nilipata nafasi kwenye gunia la mihogo mikavu karibu na injini. Tulifuata ufuo kuelekea kaskazini, milima kulia kwetu, na kila tulipopita kijiji niliona dagaa wameanikwa mchangani wanang'aa. Maji ya Tanganyika asubuhi ni safi kiasi cha kuona mawe ya chini, nami hujivuna nikimwona mgeni anainama kuyatazama. Baada ya msitu wa hifadhi upepo ukaamka, mawimbi yakaingia, na khanga yangu ikalowa mafuta ya injini na maji kwa pamoja.

Njiani tulipishana na boti zilizokuwa zinashuka mjini, zimejaa watu. Hawakupunga mikono. Mama mmoja alikuwa amekumbatia sufuria na mtoto kwa mkono mmoja. Niliona aibu ghafla, maana katika safari hiyo ni mimi peke yangu niliyebeba mgonjwa wa uongo.

Saa tisa alasiri, Kagunga. Kijiji kimebanwa kati ya ziwa na mlima, na siku hiyo ufuo haukuwa na pa kuweka mguu. Maturubai, vyungu, moshi, watoto. Nilifikia kwa Mama Nestori, mfanyabiashara wa dagaa ambaye namshonea magauni ya kanisani. Nyumba yake iko mlimani, kupanda kwa dakika ishirini, na uani kwake alikuwa amezikaribisha familia mbili za kutoka ng'ambo. Sikumweleza kilichonipeleka. Nilisema nina shida ndogo dukani, nikashuka tena.

Dukani palikuwa na mstari wa akina mama. Muuzaji, Yustina, ni mwanamke wa miaka kama thelathini, mwembamba, kitambaa kichwani kimelegea kwa kazi. Alikuwa anaongea Kirundi na huyu, Kiha na yule, Kiswahili na mimi. Swali la kwanza la fomu linauliza kama muuzaji alikusalimu mwanzo, na mteja ameagizwa asubiri asalimiwe. Nikasimama kimya, mtu mzima wa Kigoma, nikingoja salamu. Haikuja. Alinitazama usoni kwa muda kisha akauliza, "Umefikia kwa nani, mama?"

Kule huwezi kuwa mgeni wa hewani. Nilimjibu ukweli bila kufikiri, kwamba niko kwa Mama Nestori. Ndipo nikamtoa Tumaini wangu. Aliniuliza kama anakunywa, kama anakojoa, kama macho yameingia ndani, kama kinyesi kina damu, na majibu yangu nilikuwa nimeyakariri. Akanipa pakiti mbili na vidonge, akachana karatasi kwenye kitabu cha risiti akaniandikia nyuma yake namna ya kuchanganya. Kitabu kilikuwa karibu kuisha hivyo, anawaandikia watu maelekezo kwa lugha zao. Nilipotoa hela alisukuma mkono wangu, akasema nitalipa mtoto akipona. Kisha akaiacha kaunta wazi akatoka nje kumshika mama mmoja aliyekuwa anayumba mstarini.

Nyuma ya kanisa nilikaa juu ya jiwe nikajaza fomu. Alikusalimu? Hapana. Alitoza bei iliyopangwa? Hapana. Alitoa risiti? Hapana. Hakuondoka kaunta? Nilipomaliza nilikuwa na hapana saba. Nilizisoma tena nikitafuta pa kumsaidia sikupaona, maana kila moja ilikuwa kweli. Muuzaji wa Mwanga asiyeninyanyulia macho alikuwa amepata zote, na huyu nilikuwa nimemaliza kumfungia duka kwa kalamu.

Saa kumi na moja, kwa Mama Nestori. Tulikuwa tumekaa uani tunachambua dagaa nilipomwona Yustina anakuja na njia ya mlimani, anahema, kidumu cha maji yaliyochemshwa mkononi na mkoba begani. Duka alikuwa amelifunga. Alimsalimia Mama Nestori, akauliza mtoto amelazwa chumba gani.

"Mtoto yupi?" Mama Nestori akauliza.

Wote wakanigeukia. Nimeshona nguo za maharusi kwa miaka thelathini, nimeshakosea vipimo mbele ya wakwe, lakini sijawahi kutamani ardhi inimeze kama dakika ile. Nilisimama nikasema hapakuwa na mtoto. Nikasema nimetumwa, nimtazame anavyofanya kazi, na kwamba mgonjwa nilimzua. Nilidhani atanitukana, na angekuwa na haki.

Yustina aliweka kidumu chini, akajifuta jasho. "Ego, mama," akasema, yaani ndiyo kwa Kiha. "Nilijua hayupo."

Nikamuuliza alijuaje.

"Mwenye mtoto wa kuhara hangojei kusalimiwa. Anaanza kusema akiwa mlangoni. Wewe ulisimama unanitazama."

"Kama ulijua, kwa nini umefunga duka ukapanda mlima huu wote?"

Aliniangalia kama niliyeuliza jambo lisilo na maana. "Na kama ningekuwa nimekosea?"

Mama Nestori alimvutia kigoda, akampa maji ya kunywa, naye alikunywa akainuka, kwa sababu watu walikuwa wanamngoja chini. Kile kidumu hakurudi nacho. Aliwaachia zile familia mbili za uani, akawachungulia watoto wao mmoja mmoja kabla ya kushuka. Nililala pale nikiwa na fahari kubwa na fedheha kubwa, zote kwa pamoja, na sikujua ipi niiondoe kwanza.

Alhamisi alfajiri, ufuoni. Nilipokuwa nangoja boti ya kurudi, Yustina alipita akienda kufungua duka. Alisimama mbele yangu, akapiga makofi taratibu kama wanavyosalimia Waha, akasema, "Mwakeye, mama." Nikapiga makofi nami nikamwitikia. Salamu ya swali la kwanza niliipata siku ya pili. Nilimlipa dawa zangu, akapokea hela akaendelea na njia.

Alhamisi jioni, Buzebazeba. Upendo aliisoma fomu akiwa amesimama mlangoni kwangu, uso wake ukabadilika. Alisema hapana saba maana yake duka limeanguka, na hakufurahi kulisema. Nikamwambia ageuze karatasi. Nyuma nilikuwa nimeandika kwamba muuzaji alinitambua, na namna alivyonitambua, na kilichofuata mpaka kile kidumu.

Alisoma mara mbili. Kisha, kwa kuwa ni binti mwema na alijua hali ya nauli yangu, akanieleza mambo yalivyo. Upande wa mbele peke yake unatosha kunilipa na kunirudishia nauli ya kwenda na kurudi. Upande wa nyuma ukisomwa, fomu ni ya kuchanwa. Duka halitahesabiwa kuanguka, na mimi sitapata kitu.

"Mama Asha, umetoka mbali," alisema. "Hii ya nyuma hakuna aliyekuomba uandike."

"Nimetambuliwa," nikamwambia. "Chana."

Akachana. Alisema itabidi apeleke mteja mwingine. Nikamwambia aende mwenyewe, kwa jina lake na kazi yake, na asibebe mgonjwa. Alikwenda wiki iliyofuata na akarudi amebabuka pua kwa jua na viatu vimeharibika. Duka la Kagunga lilibaki kwenye orodha. Boti ya mzigo uliofuata ilipeleka maboksi ya dawa pamoja na vitabu viwili vipya, kimoja cha risiti na kingine cha kuandikia watu maelekezo.

Mkataba wa miezi sita sikusaini. Tatu alikuja siku ya mapumziko, akaketi kando ya cherehani na kuniuliza kwa sauti yake ile ya kuchokoza kama kazi inalipa. Nilimwambia hailipi. Sketi nne za watu zilichelewa, khanga yangu haikutoka madoa, nauli ilipotea, na katika maduka matatu nililipwa moja. Anayetaka hela abaki na sindano yake. Akacheka, akasema alinionya, nami nikamwacha acheke.

Kisha nikamsimulia safari yote, kituo kwa kituo kama nilivyoisimulia hapa, na nilipofika kwenye kidumu alikuwa ameacha kucheka. Nimezaliwa kando ya ziwa hili na nilidhani nawajua watu wake. Ilibidi niwadanganye ili nijue kwamba mwaka ule wa taabu, na ufuo mzima ukimngoja, mtu wa kwetu alifunga duka lake akapanda mlima na maji mkononi, kwenda kumtafuta mtoto ambaye alijua hayupo.