Sahani ya Jikoni

Ndugu zangu wa jumuiya, munakumbuka nilivyokuwa nasali nimefunika mdomo kwa kitenge. Wengine mulisema ni majivuno. Leo nawaambia kilichokuwa nyuma ya kile kitenge, na munisamehe kama mumetoka kula.

Nyumbani kwetu Ruashi tulikuwa watatu: Papa, mstaafu wa reli, dada yangu mkubwa yaya Julie, na mimi. Mama alitutoka zamani. Tulikula kwa sahani moja, ugali wetu wa bukari, sombe ya majani ya muhogo, na tukibahatika samaki tomson. Kipande cha mwisho Papa alikisukuma upande wangu. "Kula, Bea. Weye njo mutoto wa mwisho." Nami tayari mwalimu wa shule! Yaya alinuna, tukacheka.

Meno yangu yalikuwa yamepandana. Nilipopata kazi, munganga wa meno akanifunga vyuma. Akanionya: "Madame Bea, chakula italala hapa kati ya chuma na nyama ya meno. Kila unakula, unasugua."

Nikasugua. Siku moja povu likatoka jekundu, nikaogopa. Kwa akili yangu, kidonda chenye damu hakiguswi, unakiacha kipone. Nikaweka mswaki pembeni, nikabaki na maji ya chumvi. Kwa munganga pia sikurudi, nilihofia kugombezwa.

Ufizi ukavimba, ukang'aa. Kisha ukaanza kuota. Nyama ikapanda juu ya vyuma, ikafunika nusu ya meno ya mbele, laini kama ini. Asubuhi mto ulikuwa na damu. Na ile harufu, jamani! Mimi mwenyewe niliisikia nikipumua.

Siku moja nikila nililamba kidole, nikarudisha mkono kwenye sombe. Damu ikabaki pale. Yaya akavuta mkono wake.

"Bea, pole yako. Kuanzia kesho nitakupakulia peke yako."

"Julie!" Papa akafoka. "Mu hii nyumba hakuna mugeni!"

"Acha, Papa," nikasema. "Ni muzuri vile."

Nikawa nakula jikoni. Kila jioni Papa aliniita kutoka sebuleni: "Bea, kuya! Samaki yako iko hapa." Nami nilijibu, "Nimeshiba, Papa." Hakuniamini, lakini kesho yake aliita tena.

Jioni moja aliita, nikajibu nimeshiba. Muda si muda nikasikia yaya anapiga kelele. Moyo wa Papa ulikuwa umesimama. Nilimkuta ameegemea kiti, na kipande cha samaki kiko upande wangu wa sahani.

Baada ya matanga yaya alinishika mkono mpaka kwa munganga. "Nimezika mumoja," alisema. "Inatosha."

Munganga aliangalia kinywa changu, akatikisa kichwa. "Damu ilikuwa inakuita usugue, weye ukakimbia." Akatoa waya, akakwangua uchafu uliogeuka jiwe. Nilirudi mara nyingi. Uvimbe ulipungua, lakini nyama iliyoota ilikataa kushuka. Basi akanichoma sindano, akaikata. Nilitema damu na vipande vya nyama yangu mwenyewe. Nilikunywa uji nikimlilia Papa.

Meno yangu yapo. Mawili yanacheza kidogo, na munganga bado anayaangalia. Namshukuru Mungu, namshukuru munganga, na yaya wangu ambaye simsemi kwa ubaya.

Wewe mwenye vyuma, ukiona damu usiache mswaki. Sugua polepole, urudi kwa aliyekufunga, hata akugombeze. Maneno yake yatapita. Na ukisikia unaitwa kula, enda, hata na aibu yako.

Siku niliporudi kwenye sahani tulikuwa wawili tu. Yaya akasukuma kipande cha mwisho upande wangu. Nilikitafuna taratibu, bila damu, machozi yakinitoka. Ndipo nikajibu kwa sauti, wakati hakuna tena aliyeniita: "Ninakuya, Papa."