Kisima cha Mwisho cha Dunmire

Mji wa Dunmire, kule Pennsylvania, uliondoka kama ulivyokuja, mbio mbio. Mafuta ya ardhini yalipopungua, watu waling'oa mbao za nyumba zao, wakazipakia kwenye mikokoteni ya farasi na kwenda kuzipigilia upya katika bonde jingine lenye bahati. Hoteli ilitangulia, kanisa likafuata. Lovina Haskett, mjane wa mchimbaji, akabaki na nyumba yake, kuku wake, kisima cha mafuta alichoacha mumewe, na ukimya ambao, kusema kweli, aliupenda. Zamani pale usingizi ulikuwa haupatikani kwa kelele za mitambo na walevi.

Nyumba ilikuwa yake, lakini ardhi, pamoja na uwanja ilipokuwa hoteli, ilikuwa ya mkulima Amos Crull. Mumewe aliikodi ili achimbe, na mapatano yalikuwa wazi: kisima kikitoa mafuta, hata kidogo, Lovina anakaa. Kikinyamaza, ardhi yote inarudi kwa Crull. Kila vuli Crull alikuja kuchungulia, akilini ameshapanda ngano mpaka mlangoni.

Vuli ile alimkuta Lovina kapiga magoti kando ya kisima. Pampu ilitoa hewa tupu.

"Kimekufa, mama?"

"Kinakohoa. Ngozi ya kuzibia ndani ya pampu imelika."

"Na duka la vipuri lilishahama."

"Najua, Mzee Crull. Nililipungia mkono."

Akaingia ndani, akatoka na buti za marehemu mumewe. Akakata ngozi duara, akaipaka mafuta ya nguruwe. Ikabaki kuzitoa fito ndefu za pampu, zinazoshika ngozi hiyo nchani, kutoka chini kabisa ya kisima, kazi ya wanaume wawili. Akashika kamba ya kuzivutia, akaanza kuvuta peke yake.

Crull akatazama mawingu. Katika bonde lile uliweza kumnunia jirani miaka na miaka, hata kumpeleka mahakamani, lakini kumwacha avute fito peke yake, hilo halikufanyika. Akavua koti.

"Najivutia kitanzi mwenyewe," alinung'unika.

"Vuta tu. Mgongo unao."

"Marehemu Haskett angekuona unavyozikatakata buti zake!"

"Angeuliza mbona nimechelewa. Zilikuwa zinamfinya."

Ngozi mpya ilipokwisha kufungwa na fito kurudishwa, Lovina alisukuma pampu. Hewa. Kisha maji ya chumvi. Crull akaanza kutabasamu, akajionea haya, akaacha. Ndipo uzi mwembamba, mweusi wenye ukijani, ukachuruzika ndooni. Crull akachovya kidole, akanusa, akiomba yasiwe mafuta. Yalikuwa mafuta.

"Hata kikombe hakijai."

"Nani alitaja kipimo?"

Crull akajifuta mikono kwenye nyasi. "Haya. Ngano yangu ingoje tena."

"Kwani nani kakukataza kupanda pale ilipokuwa hoteli? Mimi nahitaji kisima na mlango wangu tu."

"Si ungesema tangu zamani?"

"Umewahi kuniuliza? Kila ukija swali lako ni moja, kama kisima kimekufa."

Wakaenda kuupima uwanja kwa hatua, Lovina mbele, kuku nyuma.