Bibi Chini ya Ukuta wa Kanisa

Jirani anapaka choo chake chokaa, choo kizuri kuliko nyumba anayolala, lakini hayo ni yake. Harufu ya chokaa mbichi ikinifikia tu, namwona bibi yangu amekaa chini ya ukuta wa kanisa letu la zamani, kule milimani juu ya Korogwe.

Ukuta huo uliopakwa chokaa ulikuwa umepasuka kwa mvua, umeinamia makaburini. Padri alisema ubomolewe kabla haujaua mtu. Fundi alikuwa baba yangu, mtoto wa bibi huyohuyo. Sasa, wazee wetu walipotaka kubatizwa, kila mmoja alileta jiwe la mtoni kichwani, likajengwa ukutani. La bibi lilikuwa mle, na mgongo ameuegemeza papo hapo.

"Mama, toka," baba alisema, nyundo begani.

"Gonga. Jiwe hili nimelibeba wewe hujazaliwa."

"Utakuangukia, mama!"

"Basi mtakuwa mmeshanizika. Hamna haja ya kuchimba."

Udongo ulichuruzika kutoka kwenye ufa, ukamwagikia kilemba chake, naye hakujipangusa. Mimi mkojo ulinibana, nasema kweli.

Baba akaweka nyundo chini. Akaenda akaketi ubavuni mwake, mgongo ukutani, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika nyumbani.

Bibi akamtazama, akautazama ufa. Akaruka kama kigoli, akamkamata sikio.

"Inuka, mwehu wewe! Huoni ukuta unaanguka?"