Kulia Sana

Enzi hizo nilijisifu mno kwa Kiswahili changu. Nilikuwa Mkenya, rubani wa ndege ndogo ya viti vinne pale Jinja, na jioni nilipoketi na majirani zangu wa Walukuba niliwachekesha kwa kuigiza jinsi wanajeshi walivyoongea. Kwao kila kitenzi kilikuwa na umbo moja, hakina nafsi wala wakati: yeye kulala, mimi kukwenda, sisi kukula. Tulicheka kwa sauti ya chini, mlango umefungwa.

Ndege ilikuwa mali ya kiwanda. Mwenye kiwanda alifukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake, wanajeshi wakairithi ndege, nami wakanirithi ndani yake. Kazi yangu ikawa kuwachukua maofisa kutoka kiwanja cha ndege cha Kimaka kuwapeleka Mbale na kuwarudisha. Kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: usiipite Mbale kuelekea mashariki, maana huko ni Kenya. Rubani mwenzangu, Mkenya vilevile, alikimbia mvua siku moja akatua Kisumu na abiria wake. Kesho yake alirudi Jinja kwa uaminifu, akakuta gari la jeshi linamngoja Kimaka. Chumba chake kilipakana na changu, na kabla mwezi haujaisha kilikuwa na mpangaji mwingine. Ukiona cha mwenzio chanyolewa, chako tia maji. Mimi changu kilikuwa kimelowa kila siku.

Siku ninayoikumbuka nilikuwa na abiria mmoja, ofisa mnene wa kutoka kaskazini, bastola kiunoni. Alikaa kando yangu. Tulipokaribia Mbale mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu, mlima wa mpakani na mji pamoja. Nilitaka kurudi Jinja. Afande alisema ana mkutano, na kwamba marubani wa Kenya wanapenda sana kugeuza ndege. Alisema hivyo bila kuniangalia. Nikaendelea mbele.

Mbale haikuwa na chombo cha kuongoza ndege mawinguni. Sisi marubani tulikuwa tumejitungia njia yetu wenyewe. Ndani ya ndege kulikuwa na mshale uliofuata redio yoyote uliyoitafuta, nasi tuliuelekeza kwenye mlingoti wa redio ya serikali nje ya mji. Ukipita juu ya mlingoti, mshale unageuka nyuma. Hapo unashika kaskazini, unahesabu dakika mbili kwa saa ya mkononi huku unateremka, na kiwanja kinatokea mbele yako. Mlima unabaki mkono wa kulia muda wote. Ilikuwa njia nzuri mradi redio iendelee kupiga muziki.

Muziki ulikatika. Labda umeme ulizimika, sijui. Mshale ukayumba, ukazunguka polepole, ukatulia pasipo na maana yoyote. Sikujua kama ulikuwa umegeuka kwa kuwa tumeupita mlingoti, au kwa kuwa umepoteza cha kufuata. Nilianza kuhesabu dakika zangu hata hivyo, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Dakika mbili zikaisha. Kioo kilikuwa cheupe tu. Jasho lilinitoka mpaka viganja vikateleza kwenye usukani.

Kiwanjani alikuwako askari polisi mwenye redio ya upepo. Nikamwita, nikamuuliza niko upande gani. Jibu likatoka kwenye spika juu ya vichwa vyetu, limejaa mikwaruzo.

"Ndege kulia, afande. Kulia sana."

Nikapinda kulia. Nilipinda sana, kama nilivyoambiwa, na nakumbuka nilifarijika kwamba hatimaye kuna mtu anajua nilipo. Kisha wingu likafunguka kidogo upande wa afande, nikaona migomba ya mteremko wa mlima. Ilikuwa juu ya bawa letu, karibu kiasi cha kuonekana majani yaliyochanika.

Afande alinishika mkono kwa nguvu. "Yeye nasema ndege nalia!" alisema. "Nalia, nguruma! Si mukono ya kulia!"

Nilivuta usukani, nikasukuma injini mpaka mwisho, nikapinda kushoto. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Hatukugusa kitu. Polisi alikuwa ametusikia juu ya kichwa chake, akanipa habari njema kwamba ndege inalia, inalia sana, nami nikaiacha njia ya kiwanja na kuufuata mlima.

Tulipanda, tukaenda mbali magharibi, tukapata uwazi, tukarudi chini ya mawingu tukifuata barabara mpaka mabati ya Namakwekwe, mtaa wa kando ya kiwanja, tukatua. Nilizima injini. Afande hakushuka.

"Wewe Mukenya," alisema taratibu. "Kiswahili yako nashinda ya sisi wote. Namna gani hapana sikia? Upande ile ni Kenya."

Nikaelewa kwamba mlima ulikuwa umeniachia, lakini huyu bado. Nilimwambia kwamba nilisikia nigeuke kulia, kwamba ndivyo nilivyoambiwa. Afande akamwita yule polisi.

Alikuwa Mgisu, mwenyeji wa huko, mtu mzima mwenye mvi, koti la mvua limemzidi. Alikuja anatabasamu kwa kuwa ndege yake imefika salama. Afande akamuuliza kama alisema kwenye redio kwamba ndege iende mkono wa kulia.

Miaka ile swali la afande lilikuwa na jibu moja. Ukiulizwa kama umeelewa, ndiyo. Ukiulizwa kama umeshiba, ndiyo. Nilimwona yule polisi usoni kwamba hakulishika swali lenyewe. Alisimama wima, akapiga saluti.

"Ndiyo, afande."

Afande akanigeukia. Sentensi moja ingetosha: mzee huyu alisema sawa, mimi ndiye niliyesikia vibaya. Lakini sentensi hiyo ingenifanya, machoni pa afande, Mkenya aliyepinda makusudi ili atorokee kwao, na niliogopa kufa. Akaniuliza kama ni kweli.

"Ndiyo, afande," nikasema.

Wanajeshi waliokuja kumpokea afande walimvua polisi kofia na mkanda, wakampandisha nyuma ya gari la jeshi. Alikuwa akinitazama, akingoja nimsaidie kueleza. Niliinama nikajifanya nakagua gurudumu la ndege.