Majina Kumi ya Fizikia

Nzilani wa Mbuvi alisoma mpaka darasa la saba, na upande huu wa Kibwezi hakuna mtu ambaye hajaambiwa hivyo. Alikuwa wa pili katika hesabu. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, na Nzilani bado ana maoni yake kuhusu jambo hilo. Kwa hivyo mjukuu wake Kaveke alipofika nyumbani Jumatatu akisema fizikia itafungwa, Nzilani aliweka ungo wa ndengu kando akataka aelezwe vizuri, kwa mpangilio.

Mambo yalikuwa hivi. Kaveke yuko kidato cha pili, na mwisho wa muhula wanafunzi huchagua masomo ya kuendelea nayo. Mwalimu Kyule alihitaji majina kumi ili darasa la fizikia lifunguliwe mwaka ujao, naye alikuwa nayo sita. Wengine wote walikuwa wanakimbilia biashara. Kaveke anataka kuwa fundi wa pampu za sola, zile zinazovuta maji mtoni mpaka mashambani, na fundi wa pampu bila fizikia hayuko. Basi mwalimu alikuwa amempa dakika ishirini siku ya Ijumaa azungumze mbele ya wenzake. Akiwavutia, darasa litakuwepo. Akiwachosha, atasoma biashara na kina Mulwa.

Nzilani aliuliza Mulwa ni nani. Akaambiwa ni kijana ambaye mtu akisimama mbele kuzungumza, yeye huanza kukoroma kwa makusudi, na darasa zima hucheka.

Mada ya kwanza ilikuwa shimo jeusi la angani. Jumanne akina mama wa kanisa walikuja kwa maombi ya kila wiki, na Nzilani, ambaye hupenda watu wajue mjukuu wake ni nani, akamsimamisha aijaribu mbele yao. Kaveke akaeleza kwamba huko juu kuna shimo linalomeza nyota, linameza hata mwanga, na kitu kikiingia humo hakitoki tena. Akina mama wakatazamana. Mama mchungaji akauliza kwa upole kama limeshaanza kusogea upande wa Makueni. Kaveke akasema liko mbali sana, ila hakuna awezaye kulizuia. Kufikia hapo Mama Mutie alikuwa ameshafumba macho, na shimo likakemewa dakika arobaini, kwa Kikamba na kwa Kiswahili.

"Angalau hawakulala," Nzilani alimwambia mtoto.

Jumatano ilikuwa zamu ya vile vitu vidogo vilivyo ndani ya kila kitu, na aliyelala alikuwa Nzilani mwenyewe. Alikana. Alisema tangu zamani yeye husikiliza vizuri akiwa amefumba macho.

Alhamisi walikuwa kwenye mtama ndege walipotua. Nzilani alifungua kombeo lake la katani kiunoni, akafinyanga donge la tope, akalizungusha juu ya kichwa na kuliachilia. Kundi lote liliinuka likahamia kwa jirani, ambako ndiko Nzilani hulielekeza siku zote. Kwa kombeo hilo alilinda mtama mwaka wa themanini na nne, watu wengine wakila mahindi ya manjano ya msaada, na hiyo nayo hakuna asiyeambiwa.

"Susu, rudia," Kaveke alimwambia nyanya yake. "Hilo donge linazunguka, linazunguka, halafu ukiachilia linaenda moja kwa moja. Mbona haliendelei kuzunguka?"

Miaka yote hiyo Nzilani hakuwahi kuulizwa. "Kwa sababu nimeliachilia," alisema.

"Basi hiyo ndiyo mada yangu."

Shida ilikuwa mkono. Kaveke alikuwa anachelewa kuachilia, na madonge yake yote yalikwenda kushoto. La kwanza liligonga kibanda cha kuku. La pili liligonga mlango wa choo, na mume wa Nzilani, Mzee Mbuvi, akauliza kutoka ndani kama ameitwa. Baada ya kumi na tano Nzilani alimwambia wazi kwamba mkono huo ameutoa kwa ukoo wa mama yake, na ni heri arudi kwenye shimo kuliko kumwaibisha mbele ya watu. Kaveke alikuwa amechuchumaa anachora duara mchangani kwa kijiti.

Ijumaa Nzilani alienda shuleni kumpelekea sweta, ingawa jua la siku hiyo lilikuwa limewafukuza hata mbuzi wakajificha chini ya magari. Akasimama kwenye ua wa uwanja. Wanafunzi walikuwa nje, na mbele yao, hatua thelathini hivi, kulikuwa na pipa tupu. Kaveke akauliza donge litaenda wapi akiliachilia. Mulwa akasema litazunguka limpige yeye mwenyewe kisogoni, na watu wakacheka. Ndipo Kaveke akageuka akatazama upande wa jikoni, pipa likabaki kushoto kwake. Mulwa akaanza kukoroma.

Nzilani alishindwa kujizuia. "Kaveke, geuka. Pipa liko huku."

Darasa zima likageuka kumtazama. Kaveke hakugeuka. "Susu, mimi huchelewa kuachilia," alisema. "Nimepima ninavyochelewa. Ni robo ya duara."

Akazungusha, akachelewa, akaachilia. Pipa lililia mpaka mpishi akatoka jikoni kuuliza ni nani amegonga kengele ya chakula mapema.

Baada ya hapo kila mtu alitaka kujaribu. Mulwa alirusha mara tisa, moja ikamwangukia kwenye kiatu, akamuuliza Mwalimu Kyule kwa nini. Mwalimu akasema jibu liko kwenye kitabu cha kidato cha tatu, akamnyooshea kalamu. Jina la Mulwa lilikuwa la kumi.

Jumanne iliyofuata Mama Mutie aliuliza lile shimo limefika wapi. Nzilani akajibu kwamba limeachwa, majina sasa ni kumi na mawili, na fizikia yenyewe si kitu kikubwa, ni tope na kamba tu, yeye ameifanya tangu utotoni. Hakutaja kwamba asubuhi hiyo alisimama kiubavu, kama mjukuu wake alivyosimama mbele ya pipa, akarusha, na Mzee Mbuvi akauliza tena kutoka chooni kama ameitwa.