Risiti Niliyoifuata Kosele

Mimi nina hasira za karibu, na sioni haya kusema. Siku ile Kosele ni mimi niliyeanza kupiga.

Ndugu yangu mdogo anaishi ng'ambo miaka mingi, uraia bado hajapata. Alinipigia nikiwa sokoni Suna, napimia mteja dagaa wa omena kwa mkebe wa gorogoro. "Sista, huku hata sisi wageni tukichangia siasa, serikali inatupunguzia kodi. Nami nilimchangia mheshimiwa wa kwetu. Nitafutie risiti tu." Pesa ambazo angerudishiwa ndizo zingemkatia tiketi ya kuja. Mama yetu kule Kosele macho yalikuwa yanazima, daktari alishasema hayaponi, na ombi lake lilikuwa moja: amwone mwanawe kabla hayajazima kabisa.

Sasa sisi ni Wasabato. Kwetu ukitoa zaka, hata iwe ndogo vipi, unaitia kwenye bahasha na mweka hazina anakuandikia risiti. Mweka hazina mwenyewe ni mimi. Kwa hiyo sikushangaa hata kidogo. Nani anatoa kitu bila risiti? Nikanunua kitabu kipya chenye karatasi ya kaboni, nikaandika jina la ndugu yangu na alichotoa, ikabaki sahihi tu. Nikajiona nimewarahisishia kazi watu wa mheshimiwa, mjinga mimi!

Ajenti wa mheshimiwa nilimkuta nje ya ofisi ya kampeni pale Kosele, anakula samaki na vijana wake. Akakisoma kile kitabu, akaacha kutafuna.

"Umetumwa na nani?"

"Na ndugu yangu. Weka sahihi hapo, aje amwone mama yetu angali anaona."

"Ati niandike mheshimiwa anapokea pesa za ng'ambo? Halafu uipeleke wapi, kortini?" Akairarua ile risiti vipande viwili. "Toka hapa, mathe. Na huyo mama yako akapofukie huko mbele."

Nilimzaba kofi, samaki akamtoka mdomoni. Vijana wakanivamia. Kiti cha plastiki kilivunjikia mgongoni mwangu, kisha rungu likatua mkononi na nikausikia mfupa ukisema ka! Nikamng'ata mmoja kidole mpaka nikaonja damu yake. Teke likanipata tayani, meno mawili yakanitoka. Nilipiga uwi! Watu wa sokoni wakaja mbio, wakasimama mbali wakitazama. Wale vijana walichoka wao wenyewe, wakaniacha kwenye vumbi na kile kitabu wakakichoma nikiona.

Jioni nilikuwa kwa mama, mkono umefungwa plasta. Nikampigia ndugu yangu kumwomba msamaha. Maneno yalitoka kwa shida, taya imevimba.

"Sista, hiyo risiti isingenisaidia," akasema. "Watu wa kodi waliniambia tangu juzi. Ni kwa vyama vya huku tu. Mtu akichangia siasa za nchi yake, haihesabiwi."

"Tangu juzi?"

"Niliogopa kukwambia. Si unazijua hasira zako?"

Nikakata simu. Nililia kwa uchungu na kwa aibu. Mama alikuwa ameketi karibu yangu, anapapasa uso wangu kwa vidole, taratibu, asiniumize.

"Amesemaje?"

"Anakuja," nikamwambia.

Kesho yake asubuhi aliniomba nimfulie gauni lake la Sabato, mwanawe asije akamkuta na hilo kuukuu alilovaa. Nililifua kwa mkono mmoja.